Mtoto Anayeanza Kutembea Ndani ya Nyumba ya Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa barazani, jikoni, kwenye foleni ya kliniki na kwenye simu usiku wa manane. Yanahusu mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, yule aliyesimama dede juzi na leo ukigeuka yuko ngazini. Nimeyajibu kwa kuzingatia nyumba za huku kwetu: mawe na boriti, ngazi zilizosimama wima, birika la maji (tangi la kujengwa chooni), punda mlangoni na watu wengi chini ya dari moja. Panapohusu ugonjwa, jibu la hapa ni la kukufikisha kwa daktari haraka.

Nyumba yetu imejaa watu. Mbona mtoto bado anaumia?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa hivyo nitalikalia. Katika nyumba yenye bibi, mama, shangazi wawili na wajomba wanaoingia na kutoka, kila mmoja humwona mtoto akipita na kila mmoja huamini mwenzake ndiye anayemwangalia. Mama yuko jikoni akijua bibi yupo. Bibi ameinuka kwenda kutia udhu akijua shangazi yupo. Shangazi ameitwa mlangoni. Hakuna mzembe hata mmoja hapo, na mtoto yuko peke yake juu ya ngazi.

Dawa yake ni zamu, na zamu iwe na mwenyewe. Anayeondoka amwambie anayebaki, kwa sauti: "Shangazi, nakuachia mtoto, nakwenda kuoga." Asitoke mpaka asikie: "Haya, nimemchukua." Mwenye zamu hapiki, hafui, wala hashiki simu mpaka amkabidhi mwingine kwa namna hiyo hiyo. Wiki ya kwanza mtaona haya kusemeshana hivyo. Baadaye hutoka mdomoni kama salamu.

Mtoto wa miaka 7 au 8 si mwenye zamu. Acheze na mdogo wake, ambembeleze, amletee maji, lakini mzigo wa kumlinda si wake. Likitokea la kutokea, ataubeba moyoni mpaka uzeeni, na hilo si haki kumfanyia mtoto.

Wazee wengine watasema wao walilea bila zamu. Ni kweli, lakini alasiri zao wanawake wa nyumba walikuwa wamekaa pamoja kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, wanasuka ukili au wanachambua mchele, na mtoto yuko katikati yao. Leo kila mtu yuko chumbani kwake na shughuli yake. Watu ni wale wale, ila hawako mahali pamoja.

Nianze wapi kuifanya nyumba iwe salama?

Anza na birika la chooni, kabla ya kitu kingine chochote. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili chake. Akiinamia maji akatangulia kichwa, hawezi kujiinua, na maji ya kina cha vidole vinne yanatosha kumzamisha. Hazami kwa kelele, huzama kimya. Na birika zetu zina jambo la ziada linalomvuta: wale samaki wadogo tunaowatia ili wale viluwiluwi vya mbu. Mtoto aliyebebwa mara moja akaonyeshwa samaki atarudi kuwatafuta mwenyewe, atashika ukingo, atanyanyuka kwa vidole vya miguu na kuinama. Weka mfuniko wa mbao mzito, na mlango wa choo uwe na komeo upande wa nje, juu asikofika. Ndoo na beseni za kufulia zimwagwe zikishatumika. Yale maji tunayoyabakisha "ya kudekia kesho" yasibaki.

Ngazi ndizo zinazofuata. Ukuta wa chokaa na mawe ya matumbawe haupendi misumari mikubwa, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Lamu zinalindwa kwa kuwa mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Hakuna haja ya kutoboa. Fundi wa mbao atakutengenezea kilango kifupi cha kusimamisha kwenye kizingiti na kukifungia kwa bapa la mbao, kimoja juu na kimoja chini. Wakati huo huo mfundishe kushuka kinyumenyume, tumbo likigusa ngazi, mguu ukitafuta chini. Mtoto wa mwaka na nusu hujifunza hilo kwa siku chache, ukilifanya mchezo.

Darini, yaani juu ya paa, angalia kilicho karibu na ukuta. Ukuta wenyewe huenda unamzidi urefu, lakini debe, kiti au rundo la makuti karibu nao ni ngazi tosha.

Jikoni kuna seredani (jiko la makaa) iliyo chini kabisa, usawa wa mkono wake. Iinue juu ya jiwe au meza ya saruji, na kama haiwezekani, mtoto asiwe jikoni wakati wa kupika hata kama analia. Mbuzi ya kukunia nazi nayo husahauliwa: ule ulimi wa chuma wenye meno uko usawa wa jicho lake anapotembea. Ukimaliza kukuna, itundike. Na mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda, hata siku moja. Akiyanywa, usimtapishe, kwa kuwa yakirudi huingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara hiyo hiyo na uichukue chupa uende nayo.

Ameungua. Tumpake dawa ya meno?

La. Wala unga, wala samli, wala ute wa yai. Mwagie maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, ukimvua nguo na bangili ambazo hazijagandana na ngozi. Kama hakuna mfereji, tumia kata na ndoo, umwagie taratibu bila kusimama. Barafu pia hapana. Kisha funika kwa kitambaa safi na uende hospitali kama pameungua uso, mkono, sehemu za siri, au pakubwa kuliko kiganja chake mwenyewe.

Mtoto wangu hataki kula. Nifanye nini?

Kwanza tazama anachokula kati ya milo. Mara nyingi mtoto "asiyekula" ameshapewa kipande cha mahamri na bibi, biskuti na ami na tamutamu dukani, na saa sita anapokaa kwenye sinia tumbo limejaa. Tumbo lake ni dogo. Mpe mara tatu kwa siku, na kitu chepesi mara moja au mbili katikati: ndizi mbivu, kipande cha embe, kiazi kitamu. Zaidi ya hapo, mdomo upumzike.

Pili, baada ya mwaka wa kwanza mwili haukui tena kwa kasi ile ya uchanga, na hamu ya chakula hupungua. Ni maumbile. Kazi yako ni kumwekea chakula kizuri kwa wakati wake. Kiasi gani kinaingia mdomoni ni shauri lake. Kumbana pua na kumsukumia kijiko kunamfundisha kukichukia chakula, na kunaweza kumpalia.

Chakula cha nyumbani kinamfaa bila kununua cha makopo. Mseto wa mchele na pojo uliopikwa kwa tui jepesi. Wali na mchuzi wa samaki kabla hujatia pilipili. Mashelisheli ya nazi yaliyopondwa. Mchicha uliokatwa mdogo mdogo. Uji wa wimbi kwa maziwa. Ini la kuku mara moja moja, kwa sababu lina madini ya chuma ambayo watoto wengi wa umri huu huyapungukiwa. Samaki mchague mwenye mwiba mkubwa unaoonekana, kama nguru au kolekole. Changu na tafi ni watamu, lakini papasa nyama yake kwa vidole vyako punje kwa punje kabla hujamtilia mtoto. Jicho halioni kile kidole kinachokihisi.

Mwekee chakula chake kwenye kisahani chake pembeni ya sinia. Ataona wakubwa wanavyokula, na wewe utajua amekula nini. Atachafua mkeka. Tandika kipande cha nailoni uendelee na chakula chako.

Chai inamdhuru?

Ndiyo, akinywa pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye pojo, mchicha na kunde, na sukari inaua hamu. Mpe maji au maziwa. Maziwa ya ng'ombe nayo yasipite vikombe viwili kwa siku, maana akijaa maziwa hali kitu kingine.

Ni vyakula gani vinavyokaba?

Njugu na korosho nzima, ubuyu wenye kokwa, mbegu za mabungo, zabibu nzima, peremende ngumu, kashata, kipande cha nyama kisichotafunika. Kabla ya miaka 5, njugu zisagwe. Na mtoto ale akiwa amekaa, asikimbie na kitu mdomoni.

Akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama hakohoi, hatoi sauti na midomo inabadilika rangi, mlaze kifudifudi kwenye paja lako kichwa kikiwa chini, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitanga cha mkono. Kitu kisipotoka, na ikiwa ameshatimiza mwaka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu chini ya mbavu, uvute kwa ndani na juu mara 5. Rudia hivyo kwa zamu, na mtu mwingine akimbilie msaada. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Wafundishe hili wote walio katika orodha ya zamu, bibi akiwa wa kwanza.

Nimlikize lini, na nitumie shubiri?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye mpaka miaka miwili au zaidi, pamoja na chakula kuanzia miezi 6. Qur'ani nayo inataja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kukamilisha, na inaruhusu wazazi kuachisha mapema kwa kuridhiana na kushauriana. Kwa hivyo hakuna sababu ya mtu kukusukuma kwa kuwa tu mtoto ameota meno.

Kupaka shubiri ni jadi na hufanya kazi, lakini siipendi. Mtoto analala kwenye ziwa analolijua na anaamka likiwa chungu, bila kuelewa amekosa nini. Afadhali polepole: ondoa nyonyo moja ya mchana, baada ya wiki ondoa nyingine, ukibadilisha na kikombe cha maziwa na mapaja ya kukalia. Ile ya usiku iwe ya mwisho. Baba akiwepo, ndio wakati wake: yeye ndiye wa kumwinua mtoto akiamka, kwa sababu kwa baba hakuna harufu ya maziwa. Usimlikize wakati anaumwa au unaposafiri, wala usimpeleke kwa bibi kijiji kingine siku hizo hizo. Akose kimoja kwa wakati, asikose ziwa na mama pamoja.

Anajitupa chini na kugaragara akikataliwa kitu. Ni kiburi?

Si kiburi. Mtoto wa miaka miwili anajua anachotaka kabla ya kuwa na maneno ya kukieleza, na hasira yake ni kubwa kuliko uwezo wake wa kuituliza. Mara nyingi chini yake kuna njaa, usingizi au joto. Tazama saa: hasira nyingi huja kabla ya chakula cha mchana na karibu na magharibi.

Akianza, kaa karibu naye, chini usawa wake. Ondoa kilicho karibu kinachoweza kumuumiza. Sema machache: "Najua ulitaka kisu. Kisu hapana." Kisha nyamaza. Usimhubirie, hasikii. Akituliza pumzi, mbebe. Kitu kilichokataliwa kibaki kimekataliwa, hata kama shangazi ameingia na kusema "mpe tu anyamaze", kwa sababu akipewa mara hii, kesho atalia zaidi ili kufikia pale pale.

Ugumu ni mtaani, kwenye kichochoro, watu wamekaa barazani wanatazama na kila mmoja ana neno. Mbebe mara moja mwende nyumbani. Huna deni la kueleza mtu.

Kumpiga hakumtulizi. Humfundisha kwamba mkubwa akikasirika hupiga, na ndani ya wiki utamwona anampiga paka au mtoto mwenzake kwa kiganja kile kile.

Mama mkwe anampa sukari na soda. Nimwambieje?

Kwa adabu, faraghani, na kwa kumpa kazi badala ya kumnyang'anya. Ukimwambia "mama, usimpe", umemwambia hajui kulea, naye amekulelea mumeo. Mwambie hivi: "Mama, daktari wa meno ametuomba tumpunguzie tamu, naomba unisaidie. Wewe anakusikiliza kuliko mimi. Hebu jioni uwe unamkatia embe mwenyewe." Bibi anayetoa embe kwa mkono wake hana haja ya kutoa soda, maana alichokuwa anakitafuta ni ule uso wa mtoto ukifurahi. Mume ndiye apeleke neno la kwanza, kwa kuwa ni mama yake. Na kubalianeni siku za ruhusa, kama Idi na Maulidi, mtoto aonje halua na vileja kama wenzake.

Anatakiwa alale saa ngapi? Joto la kaskazi linamwamsha.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Akifika mitatu, saa 10 hadi 13. Sio lazima chumba kiwe kimya. Huku kwetu punda hulia, adhana huadhiniwa na wapita njia husalimiana chini ya dirisha, na mtoto huzoea. Asichozoea ni saa kubadilika kila siku.

Kuanzia Disemba mpaka Machi, vyumba vya ndani vya nyumba za mawe huwa na ubaridi kidogo mchana kwa sababu ya unene wa kuta, lakini usiku ukuta unatoa joto uliloshika. Wengi huhamia darini kupata upepo. Hamia naye, ila alale katikati ya watu wawili, mbali na ukingo, ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Mwogeshe maji kabla ya kulala, umvike fulana nyepesi ya pamba au asivae kitu. Upepo wa kusi ukianza, punguza haraka ya kumfunika mablanketi. Mguse shingo, kama ina jasho amezidiwa.

Mwezi wa Ramadhani ratiba ya nyumba nzima hugeuka. Jitahidi mtoto abaki na saa zake: ale na kulala mapema kabla ya tarawehe, na chumba anacholala kisiwe ndiyo njia ya kwendea daku. Na mama anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mtoto, sheria imemruhusu kufungua. Ajue hivyo na asione haya.

Nimpe simu aangalie katuni nipate kupika?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asikae mbele ya kioo kabisa, na kuanzia miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Najua jiko likiwaka na wageni wako njiani simu inaonekana kama ndiyo yaya wa pekee. Jaribu kwanza upawa, kifuu kikavu cha nazi na beseni tupu. Mtoto wa mwaka na nusu hukaa navyo muda mrefu kuliko unavyodhani, akihamisha mchanga wa kufikirika kutoka hapa kwenda pale. Ikibidi simu, keti naye umsimulie anachokiona, kisha izimwe mbele yake na iwekwe mbali.

Bibi anasema "ndoo", mimi nasema "njoo", baba anamsemesha Kiingereza. Atachanganyikiwa?

Hatachanganyikiwa. Watoto hubeba lugha mbili tatu bila shida, na Kiamu cha bibi, lahaja ya Lamu, ni mali yake kama ilivyo mali ya bibi. Kila mtu amsemeshe lugha anayoijua vizuri na kuipenda. Kinachochelewesha maneno ni kutosemeshwa. Umwoshapo, taja goti na kisigino. Umwimbie, hata kama sauti yako si nzuri.

Ukiona ametimiza miezi 18 bila neno lolote lenye maana, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili kama "maziwa taka", au hageuki ukimwita kutoka nyuma, mpeleke apimwe masikio na makuzi. Usisubiri kwa kuambiwa kwamba hata baba yake alichelewa.

Nimfundishe choo lini? Na mkojo kwenye mkeka?

Wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka mitatu. Dalili ni kukaa mkavu saa mbili hivi, kuonyesha kwamba amekojoa, na kuweza kujivua kaptula. Choo cha kuchuchumaa kinamtisha kwa tundu lake, kwa hivyo anza na poti ndogo, akae baada ya chakula na kabla ya kuoga. Akikojoa pembeni usimfokee.

Kuhusu sala: mkojo wa mtoto aliyekwisha kula chakula huoshwa kwa maji kama wa mtu mzima, kwa madhehebu yetu ya Shafii. Ondoa mkojo wenyewe kwa kitambaa, kisha mwagia maji mpaka rangi na harufu viondoke. Njia nyepesi ni kuwa na mkeka wa mtoto na mkeka wa kusalia, na wa kusalia ukunjwe na kusimamishwa baada ya sala.

Anaharisha. Nimsimamishe chakula?

Usimsimamishe. Mnyonyeshe zaidi, mpe uji na chakula kidogo kidogo, na maji ya chumvi na sukari ya pakiti yanayopatikana zahanati, pamoja na vidonge vya zinki: kuanzia miezi 6, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata akishapona. Kila akiharisha, mpe robo hadi nusu kikombe kwa kijiko ikiwa hajafika miaka miwili. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi.

Nenda hospitali akiwa na damu kwenye choo, akitapika kila kitu, macho yakizama, akilegea, au akikaa saa 6 bila kukojoa.

Ana homa kali na ameshikwa na dege. Tumpeleke kwa nani?

Hospitali, na leo. Pwani yetu ina malaria, na homa ya mtoto mdogo ipimwe siku hiyo hiyo. Wakati wa kutetemeka mlaze ubavu, mbali na vitu vigumu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimfukize moshi. Tazama saa ujue imechukua muda gani, kwa sababu daktari atakuuliza. Visomo viendelee njiani. Havizuii boti kuondoka.

Na kukata kimio kwa ajili ya kikohozi au kutapika nakusihi ukatae. Kunaleta damu nyingi na maambukizi kooni, na kikohozi kinabaki pale pale.

Wanja na hirizi je?

Wanja mwingine una madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo unaokua hata ikiwa kidogo. Huwezi kujua kwa kuutazama, hata kama umetoka Makka. Mpambe mtoto kwa nguo na asumini. Hirizi, ikiwa familia yenu inaifunga, isikae shingoni akiwa amelala au anapanda, kamba humnyonga.

Chanjo si zimekwisha alipotimiza miezi 9?

Hazijaisha. Kuna ya pili ya surua na rubela kwa miezi 18, ambayo wengi huisahau. Vitamini A ni kila miezi 6 mpaka miaka 5, na dawa ya minyoo kila miezi 6 kuanzia mwaka mmoja. Nenda na kijitabu cha mama na mtoto.

Anaweza kucheza nje?

Anapaswa. Anahitaji saa tatu za kutembea na kucheza kila siku, na ua wa ndani hautoshi. Vichochoro vyetu ni bahati kubwa kwa kuwa gari hazipiti, lakini kuna punda, mikokoteni na mitaro ya wazi. Mfundishe neno "sumile" (nipisheni njia) mapema: akilisikia, asimame na kugusa ukuta. Fanyeni mchezo huo nyumbani mpaka mwili uufanye wenyewe. Asipite nyuma ya punda, hata aliyefungwa, hata wa jirani. Akiumwa au kuparurwa na paka au mbwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Ukingoni mwa bahari mshike mkono, usishike shati. Bamvua (maji makubwa) ikijaa, maji huwa karibu sawa na gati na mtoto huona kama ni sakafu nyingine. Viatu avae, mchanga mchafu huwa na minyoo. Na magharibi ikiingia, kama wasemavyo wazee, arudi ndani. Mbu wa malaria nao hutoka giza likiingia.

Baba yake ni mvuvi, huondoka siku kadhaa. Mtoto anamkimbia akirudi.

Mtoto anahitaji dakika chache kumzoea tena. Baba asimnyakue. Akae chini kwenye mkeka, atoe kitu cha kuchezea, asubiri aendewe. Akishaendewa, apewe kazi moja ya mtoto iliyo yake kila arudipo, kumwogesha au kumlaza, na mama atoke chumbani. Nao wazee wasiseme "kazi ya wanawake" mbele yake.

Tunavuka kwenda Mokowe, upande wa bara, tukashike basi. Nijitayarishe vipi?

Kabla ya kulipa, uliza kama boti ina jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto. Kama halipo, subiri boti nyingine. Mvike kabla hujashuka gatini, ukifunga na kamba ya kati ya miguu. Usimfunge mgongoni kwa leso ndani ya boti: ikipinduka hutaweza kumfungua. Mkalishe mbele yako, katikati, si ukingoni. Anayekupokea upande wa pili ashuke kwanza, asimame imara, ndipo umkabidhi mtoto, na usiachie mpaka aseme amemshika. Beba maji, ndizi, nepi mbili na nguo kavu kwenye mfuko ulio mkononi mwako, maana mizigo mingine itakuwa juu ya basi mpaka Malindi.